Kuingiza moduli kwenye Python: namna ninavyofanya huku Mtwara

Saa tano usiku nimekaa sebuleni Chikongola na laptopu, na orodha ya malipo ya wakulima wa korosho inatakiwa asubuhi. Programu yenyewe ilikuwa ndogo: isome faili la mizani lililotoka ghalani, izidishe kilo kwa bei ya mnada, itoe makato, iandike nani anapata shilingi ngapi. Jana yake ilifanya kazi vizuri. Usiku huo ikanitemea hivi:

```
AttributeError: partially initialized module 'csv' has no attribute 'DictReader' (most likely due to a circular import)
```

Katibu wa chama cha msingi alikuwa ameshapiga simu mara mbili. "Mtaalamu, orodha vipi?" Nikamjibu inakuja, mzee wangu. Haikuja mpaka saa nane. Katikati hapo nilifuta Python, nikaisakinisha upya kwa bando la simu, nikawasha na kuzima kompyuta, nikabadilisha mistari ambayo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa la kijinga: mchana ule nilitengeneza faili dogo la kujaribia mambo, nikaliita `csv.py`, nikaliacha kwenye folda ileile.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kuingiza moduli, yaani kuleta kwenye programu yako msimbo ulio kwenye faili lingine (kuimpoti, kama tunavyosema tukiwa wenyewe), na ndio ninaouandika hapa. Nachukulia kwamba Python 3 umeshaisakinisha na unajua kuendesha faili. Mifano yote ni ya hiyo programu ya korosho, ambayo sasa imekaa hivi:

```
korosho/
    endesha.py
    mahesabu/
        __init__.py
        mizani.py
        makato.py
        malipo.py
        fedha.py
```

## Hatua ya 1: Jua Python inatafuta wapi

Watu wengi huruka hapa, kisha wanarudi usiku wa manane kama mimi.

Ukiandika `import csv`, Python kwanza inafungua daftari lake la ndani, `sys.modules`, kuona kama moduli ya jina hilo imeshaingizwa tangu programu ianze. Ikiwemo, inakupa hiyohiyo wala haisomi faili mara ya pili. Isipokuwemo, inaangalia moduli chache zilizojengwa ndani ya Python yenyewe, kama `sys` na `time`. Baada ya hapo inapita folda moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha iitwayo `sys.path`. Folda ya kwanza kukutwa na jina hilo ndiyo inayoshinda. Haiulizi kama mbele kuna nyingine iliyo halali zaidi.

Na folda ya kwanza kabisa kwenye orodha hiyo ni ile lilipo faili uliloliendesha. Kwa hiyo `csv.py` yako, iliyo jirani na `endesha.py`, inakamatwa kabla ya `csv` halisi iliyokuja na Python. Yangu ilikuwa na `import csv` ndani yake, kwa hiyo ilikuwa inajiita yenyewe kabla haijamaliza kusomwa. Ndiyo maana ujumbe wa kosa ulizungumzia mduara (`circular import`, moduli mbili zinazoitana), ukanipeleka kutafuta mduara ambao haupo.

Ukihisi kitu hakieleweki, andika mistari hii minne kwenye faili la muda, ndani ya folda ileile:

```python
import sys
print(*sys.path, sep="\n")
import csv
print(csv.__file__)
```

Kama faili bovu lina tatizo la kujiita kama langu, mstari wa tatu utakufa kabla ya kufika wa nne, lakini ujumbe wa kosa utakuonyesha njia ya faili lililosomwa. Lisome hilo jina la njia, usikimbilie mstari wa mwisho tu. Nilitegemea kuona njia ndefu inayoishia kwenye folda ya Python. Nikaona `C:\korosho\csv.py`. Nilicheka peke yangu.

Kuanzia toleo la 3.13, Python imekuwa na huruma: inakwambia wazi kwamba faili lako lina jina sawa na moduli yake, na inakushauri ulibadilishe. Ukiwa na toleo la nyuma, macho yako ndiyo msaada.

## Hatua ya 2: Chagua majina yasiyogongana

Majina yanayowaponza watu ni yaleyale: `csv.py`, `random.py`, `email.py`, `calendar.py`, `statistics.py`, `code.py`. Mtu anajifunza somo la namba za bahati nasibu, faili lake analiita `random.py`, basi somo limeisha. Kuanzia toleo la 3.10 unaweza kuuliza kabla ya kuhifadhi:

```python
import sys
print("csv" in sys.stdlib_module_names)
```

Likijibu `True`, tafuta jina lingine.

Mimi nimeona dawa rahisi zaidi: mafaili yangu nayaita kwa Kiswahili. Guido van Rossum alipoitoa Python kwa mara ya kwanza mwaka 1991 hakuweka moduli iitwayo `mizani`, na sioni dalili kwamba itawekwa. `makato.py`, `ghala.py`, `mkulima.py`, yote yako salama na katibu akichungulia begani anaelewa unafanya nini. Kuna wanaosema msimbo lazima uwe wa Kiingereza. Kama unafanya kazi na timu ya nje, sawa. Kwa programu itakayosomwa na vijana wawili wa hapahapa, sioni sababu.

Herufi ndogo tupu, na ukitaka kutenganisha maneno tumia mstari wa chini: `orodha_ya_malipo.py`. Usitumie kistari cha kati, kwa sababu `import orodha-malipo` Python inaisoma kama kutoa. Usianze na namba pia, `2024_msimu.py` inaendeshwa vizuri lakini haiingiziki kwa `import`.

## Hatua ya 3: Weka yote juu, kwa makundi matatu

Mwongozo wa uandishi wa Python uitwao PEP 8, ulioandikwa mwaka 2001, unataka mistari ya kuingiza ikae juu kabisa ya faili, chini ya maelezo ya faili na juu ya kila kitu kingine. Moduli moja, mstari mmoja. Kisha zipangwe kwa makundi: kwanza zilizokuja na Python, halafu ulizosakinisha mwenyewe kutoka nje, mwisho za kwako. Kati ya kundi na kundi acha mstari mtupu.

```python
"""Hutengeneza orodha ya malipo baada ya mnada."""

import csv
from decimal import Decimal
from pathlib import Path

import openpyxl

from mahesabu import makato
from mahesabu import mizani
```

Hii si urembo. Huku kwetu, tangu korosho ziingie kwenye stakabadhi ghalani msimu wa 2007/2008, mzigo ukiwa ghalani una karatasi inayosema umetoka chama gani. Sehemu ya juu ya faili ni karatasi ya namna hiyo. Mtu akiona `makato` kwenye mstari wa 140, apande juu, aone limetoka kwako na si kwa mtu mwingine. Programu ikigoma kwenye kompyuta ya ofisi, atazame kundi la pili tu, maana hilo ndilo linalohitaji kusakinishwa.

Kupanga kwa mkono kunachosha. Sakinisha `ruff`, programu ndogo ya kukagua msimbo, kisha:

```
ruff check --select I --fix .
```

Itapanga makundi na alfabeti yenyewe. Usibishane nayo.

## Hatua ya 4: Amua unaleta moduli nzima au jina moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hesabu za watu zinapoharibika bila kelele.

Kuna `import csv`, ambapo kila mara utaandika `csv.DictReader`. Kuna `from decimal import Decimal`, ambapo unaandika `Decimal` tu. Na kuna ile ya nyota, `from os import *`, inayomwaga kila kitu kwenye faili lako.

Ya nyota iache. Ghalani mpimaji hanunui gunia kwa kulitazama nje. Anachoma bambo, anatoa punje kadhaa, anazikata aone. Nyota ni kupokea magunia yote bila bambo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni huu:

```python
from os import *

with open("mizani.csv") as faili:
    print(faili.read())
```

Inaonekana haina ubaya. Ukiiendesha:

```
TypeError: open() missing required argument 'flags' (pos 2)
```

Moduli ya `os` ina `open` yake, ya kazi nyingine kabisa. Nyota imeileta, ikaifunika `open` ya kawaida. Hapo una bahati kwamba imelia. Ukifanya `from math import *`, `pow` yako inabadilika kuwa ya `math`, ambayo hutoa namba za desimali hata ukiipa namba kamili, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kanuni yangu: kama jina likisimama peke yake bado linajieleza, lichukue kwa `from`. `Decimal` na `Path` hayamchanganyi mtu. Kama jina ni la jumla, kama `open`, `load`, `join` au `weka`, ingiza moduli nzima ili jina la moduli litangulie. Na vifupisho vya `as` tumia vile ambavyo kila mtu anavijua, kama `import pandas as pd`. Niliwahi kukuta faili lenye `import mizani as m` na `import malipo as m2`. Aliyeliandika alikuwa mimi.

Sasa kuna mtego mwingine ambao haumo kwenye masomo mengi ya mwanzo. Bei ya korosho hubadilika kila mnada, kwa hiyo niliweka bei kwenye faili lake:

```python
# bei.py
bei_kilo = 0

def weka(mpya):
    global bei_kilo
    bei_kilo = mpya
```

Kisha kwenye faili lingine:

```python
import bei
from bei import bei_kilo

bei.weka(3000)
print(bei_kilo)
print(bei.bei_kilo)
```

`print` ya kwanza inachapa 0, ya pili inachapa 3000. (Hiyo 3000 ni ya mfano, usinishike shati.) Ukisema `from bei import bei_kilo`, unanakili thamani iliyokuwepo dakika ile ya kuingiza, unaibandika jina kwenye faili lako. Moduli ikibadilisha ya kwake baadaye, yako haina habari. Ni kama kuandika bei ya mnada wa wiki iliyopita kwenye kiganja na kuendelea kulipia nayo wiki hii. Kwa hiyo chochote kinachoweza kubadilika programu ikiwa inaendelea, kiite kwa jina la moduli: `bei.bei_kilo`. Funksheni, madarasa na namba zisizobadilika, `from` haina neno.

## Hatua ya 5: Mafaili yakizidi matatu, tengeneza folda yake

Folda ya `mahesabu` yenye `__init__.py` ndani yake inakuwa pakeji. Faili hilo linaweza kuwa tupu kabisa, na mimi naliacha tupu. Tangu toleo la 3.3 Python inakubali hata lisipokuwepo, lakini liweke, linaondoa utata.

Ndani ya pakeji, andika anwani kamili:

```python
from mahesabu.fedha import zungusha
```

Kuna pia anwani ya jirani, `from .fedha import zungusha`, ambapo nukta inamaanisha "folda hiihii niliyomo". Ni halali. Ila ukifungua `malipo.py` lenye nukta na kuliendesha moja kwa moja, utapata `attempted relative import with no known parent package`. Python inakwambia: umeniita peke yangu, sijui hii "hapahapa" ni wapi.

Dawa ni kusimama kwenye folda ya `korosho`, nje ya pakeji, na kuendesha hivi:

```
python -m mahesabu.malipo
```

Bila `.py`, na nukta badala ya mkwaju. Ukitumia `-m`, folda uliyosimama ndiyo inayokuwa ya kwanza kwenye `sys.path`, kwa hiyo `mahesabu` inaonekana.

Utakutana na ushauri wa kuongeza `sys.path.append("C:/Users/...")` juu ya faili. Inafanya kazi kwenye kompyuta yako. Ukihamishia programu kwenye kompyuta ya ofisi Newala, hiyo folda haipo, na wewe uko Mtwara.

## Hatua ya 6: Vunja mduara

Safari hii nazungumzia mduara wa kweli. `malipo.py` ilianza na:

```python
from mahesabu.makato import jumla_ya_makato
```

Na `makato.py`, kwa sababu ilihitaji kuzungusha senti, ilianza na:

```python
from mahesabu.malipo import zungusha
```

Python inafungua `malipo`, mstari wa kwanza unaipeleka `makato`. Inafungua `makato`, mstari wa kwanza unairudisha `malipo` kuomba `zungusha`, ambayo bado haijafikiwa. Umeshawahi kupeleka fomu kwa mwenyekiti akasema apitishe karani kwanza, karani akasema hawezi mpaka mwenyekiti asaini? Ndiyo hiyo. Utaona `cannot import name 'zungusha' from partially initialized module`.

Wengi hutibu kwa kuhamisha mstari wa kuingiza hadi ndani ya funksheni. Hutulia, lakini ugonjwa unabaki. Jiulize kile kinachogombaniwa ni cha nani. `zungusha` si ya malipo wala ya makato. Ni ya fedha. Niliihamishia `fedha.py`, ambayo haiingizi chochote cha kwangu, na wote wawili wakaanza kuichota huko. Mstari mmoja ukafutwa, mduara ukaisha.

Kuingiza ndani ya funksheni kuna mahali pake: maktaba nzito inayotumika mara moja kwa wiki, kama ile ya kuchora grafu, kwenye laptopu ya zamani. Pima kwanza kwa `python -X importtime endesha.py` uone nani anakuchelewesha kabla ya kumhamisha mtu.

## Hatua ya 7: Faili likiingizwa, litulie

Kuingiza moduli ni kuiendesha kutoka juu hadi chini. Kama chini ya `malipo.py` umeacha mstari unaochapa orodha, basi yeyote atakayeiingiza atachapa orodha. Kazi iweke chini ya sharti hili:

```python
if __name__ == "__main__":
    chapa_orodha()
```

Itaendeshwa ukiliita faili lenyewe tu.

Jambo dogo linaloendana na hili: usifunge kosa la kuingiza kwa `try` na `except: pass`. Moduli ikikosekana, acha programu ianguke pale juu, mchana, wewe ukiwepo. Ukilificha kosa, litaibuka kwenye mstari wa 200 mkulima akiwa dirishani.

## Hatua ya 8: Za kutoka nje, ziwekee chumba chake

Kila mradi utengenezee mazingira yake, yaani folda yenye moduli za mradi huo tu (`openpyxl` hapa ni ya mafaili ya Excel):

```
python -m venv .venv
.venv\Scripts\activate
python -m pip install openpyxl
```

(Kwenye Linux mstari wa pili ni `source .venv/bin/activate`.) `pip` ndiyo kisakinishi cha Python. Naandika `python -m pip` badala ya `pip` tupu ili niwe na hakika kwamba ninasakinishia Python ileile nitakayoiendesha. Kompyuta nyingi za ofisi zina mbili au tatu, na `ModuleNotFoundError` mara nyingi ina maana kwamba moduli ipo, ila imewekwa kwa jirani.

Jina la kusakinisha na jina la kuingiza si lazima yafanane. Unasakinisha `Pillow`, unaingiza `PIL`. Unasakinisha `beautifulsoup4`, unaingiza `bs4`. Unasakinisha `python-dateutil`, unaingiza `dateutil`. Usikisie jina ukijaribu hili na lile: wapo watu wanaopakia vitu viovu kwa majina yanayokaribiana na ya maktaba maarufu wakimsubiri anayekosea herufi moja.

Kisha kuna intaneti. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilikuwa inasuasua, na huko vijijini hata siku nzuri mtandao hauna uhakika. Kwa hiyo kabla sijapanda gari kwenda Newala au Tandahimba, nikiwa bado mjini naandika orodha ya nilivyosakinisha, kisha navipakua, hivi:

```
python -m pip freeze > requirements.txt
python -m pip download -r requirements.txt -d vifurushi
```

Folda ya `vifurushi` naiweka kwenye flashi pamoja na programu. Nikifika, natengeneza `.venv` mpya palepale (ile ya kwangu siihamishi, kwa sababu imeshika njia za kompyuta yangu), halafu:

```
python -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt
```

`--no-index` inaizuia kabisa kugusa intaneti, kwa hiyo kama kuna kilichosahaulika utajua kwa sekunde mbili badala ya kusubiri mnara wa simu. Nikiwa bado mjini naijaribu mara moja huku nimezima data.

Tahadhari moja: vifurushi vingi hutengenezwa kwa ajili ya toleo fulani la Python na aina fulani ya kompyuta. Ulivyopakua kwa 3.12 ya biti 64 vinaweza kukataa kwenye 3.8 ya ofisini. Piga simu kwanza, mwambie aliyeko huko aandike `python --version` akusomee. Flashi yangu nimeibandika plasta, na juu yake nimeandika "3.12, Windows 64" kwa ile kalamu nene ya kuandikia magunia.